Wanaosimama Nyuma ya Mchezaji

Vibanda vya gemu vya Kariakoo havitafutwi kwa macho. Unapita uchochoro uliobanwa kati ya duka la vitenge na ngazi za ghorofa, unasikia kelele, ndipo unaliona pazia. Ndani kuna feni inayozungusha joto lile lile, runinga mbili tatu, benchi la mbao na daftari la mwenye kibanda. Wanaocheza ni wawili, kila mmoja na pedi yake. Waliosimama nyuma yao ni wanane au kumi, na kelele zote ni zao: huyu anaamuru krosi, yule anaicheka pasi iliyopotea, wa tatu analalamika kwamba zamu yake imeliwa tangu adhuhuri. Aliyefungwa ananyanyuka, anampisha mwingine. Mzee aliyezoea baraza la bao akiingizwa humo hatahitaji kuelezwa utaratibu.

Naanza na hao waliosimama kwa sababu wao ndio waliosahaulika zaidi. Kwa karibu miaka tisini sasa wasomi wamekuwa wakija Tanzania, au wakitoka humu humu, kuchunguza mitambo ya burudani inawafanya nini watu. Wengi walimtazama mtu mmoja mbele ya mtambo mmoja. Wachache waligeuza shingo wakaangalia nyuma.

Ulaya somo hili lina mababu wake. Mholanzi Johan Huizinga alichapisha Homo Ludens mwaka 1938, akidai kwamba utamaduni wenyewe umechipuka katika mchezo. Gemu za kompyuta zilisubiri hadi mwaka 2001 kupata jarida la kitaaluma, Game Studies, chini ya Espen Aarseth, na mwaka 2003 watafiti wake wakaunda chama chao, DiGRA. Ubishi uliotawala miaka hiyo ulihusu kama gemu isomwe kama hadithi au kama mfumo wa kanuni. Nikiusoma ubishi huo huwa nacheka kidogo, maana Kiswahili hakikuwahi kutenga mambo hayo. Kwetu mpira ni mchezo, bao ni mchezo, tamthilia ya redioni ni mchezo, na akina mama wa Ilala wakichangishana fedha kwa kijumbe wanasema wanacheza mchezo. Wala hakuna hata mmoja kati ya michezo hiyo unaochezwa na mtu peke yake.

Utafiti wa kwanza mkubwa wa skrini katika nchi hii ulifanywa mbali na mji. Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, juu ya Korogwe, ulianzishwa mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Waliouendesha walikuwa Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham. Hadi mwaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu 35 zenye waigizaji Waafrika: za safura, za malaria ya watoto wachanga, za mmomonyoko wa udongo, hata moja ya kuhimiza watu waweke akiba Posta. Zilipakiwa kwenye lori pamoja na jenereta, projekta na santuri za maelezo, kisha lori likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Walikadiria kwamba watu wapatao 80,000 walizitazama. Watazamaji waliulizwa wameelewa nini na wamependa nini, na majibu yakaingia katika kitabu cha mwaka 1937.

Swali la mradi lilikuwa la mwalimu kwa mwanafunzi: je, Mwafrika anaielewa picha? Lakini jambo la maana zaidi, kwa maoni yangu, lilijitokeza katika mambo ya ufundi. Lori lilivuka mipaka ya lugha nyingi na santuri haikutosha kila mahali, hivyo mara nyingine mtu alisimama na kipaza sauti akaieleza filamu kwa lugha ya wenyeji. Kwa mradi huo alikuwa kiraka cha kuziba pengo la santuri. Tutamkuta tena mtu huyu mjini, miaka mingi baadaye, akiwa ndiye anayetafutwa.

Wakati lori linapanda na kushuka milima, Dar es Salaam ilikuwa na sinema zake za kulipia. Wenye majumba walikuwa hasa Wahindi, na watazamaji walikuwa mji mzima, ingawa serikali ya kikoloni ilikuwa na vidhibiti vyake vya nani aruhusiwe kuona nini. James Brennan ameifuatilia historia hiyo ya udhibiti kuanzia mwaka 1920 hadi 1980. Aliyekwenda kukaa na watazamaji wenyewe ni Laura Fair, mwanahistoria Mmarekani, ambaye kitabu chake Reel Pleasures kilitoka mwaka 2018. Aliwauliza wazee waliona nini, lakini pia walikwenda na nani, walivaa nini, tiketi ziliuzwaje kwa ulanguzi mlangoni, na nyimbo za Kihindi zilifikaje kwenye vinywa vya watu wasiojua neno la Kihindi. Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ilisimuliwa kwake kama jambo lililowapata watu wenyewe. Humo ndani aliyejua lugha alimnong'oneza jirani, jirani akampa wa pili yake, maana ikatembea safu hadi safu.

Fair aliandika pia kuhusu Drive-In, sinema ya wazi iliyofunguliwa mwaka 1966 upande wa Msasani, mahali ambapo leo pana ubalozi wa Marekani. Katika nchi iliyokuwa inaelekea Ujamaa, sinema ya wenye magari ingeonekana kituko. Watu wa mjini walikuwa na akili zao: gari moja lilibeba ukoo, majirani na sufuria ya chakula.

Televisheni haikufika Bara hadi mwaka 1994, ilhali Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mapema miaka ya 1970. Pengo hilo la miaka ishirini lina uzito. Kwa watu wa Kariakoo, Magomeni na Buguruni, picha ya kwanza kuingia mtaani ilitoka kwenye deki ya video, na deki hailetewi ratiba na mtu. Mwenye deki aliweka kanda aliyotaka, saa aliyotaka, akatoza kiingilio. Ndipo vikazaliwa vile tunavyoviita vibanda umiza, na jina limetosha kueleza benchi lake.

Kabla ya kuingia humo, tusimame kidogo redioni. Julai 1993 studio za Radio Tanzania katika Barabara ya Pugu zilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo wa kuigiza kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Mhusika aliyekamata masikio ya nchi alikuwa Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima, na mkewe Tunu aliyebaki nyumbani na watoto. Kwa watafiti wa mawasiliano duniani mchezo huu ni maarufu kwa sababu nyingine: kuanzia mwaka 1993 hadi 1995 mtambo wa Dodoma haukuurusha, ili wakazi wa huko walinganishwe na wa mikoa iliyousikia. Peter Vaughan, Everett Rogers, Arvind Singhal na Ramadhan Swalehe walichapisha matokeo mwaka 2000: palipokuwa na mchezo, wasikilizaji walieleza kupunguza idadi ya wapenzi na kutumia kondomu zaidi. Ni utafiti wa kupigiwa mfano, na sina ugomvi na hesabu zake. Ila ukisoma kwa makini unaona kwamba hata wao waligusa kile kilichokuwa mitaani kila siku: watu walibadilika hasa pale walipoujadili mchezo na wenzi wao na rafiki zao. Redio ilisema, kibaraza kikaamua.

Huko Zanzibar, miaka hiyo hiyo, Mholanzi Alex de Voogt alikuwa akikaa na mabingwa wa bao. Tasnifu yake ya Leiden ya mwaka 1995, Limits of the Mind, iliuliza bingwa anakumbuka nini na anaona hatua ngapi mbele. Anayejua bao anajua kwa nini swali hilo ni gumu. Ubao una mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji anaanza na kete kumi ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa katika nyumba, na 22 mkononi za kunamua moja moja. Kete moja ikila inaanzisha safari inayozunguka ubao na kuugeuza wote, kwa hiyo kuhesabu mbele ni kuhesabu mafuriko. De Voogt alifanya kazi kubwa ya kuonyesha kwamba wazee waliojifunzia barazani wana akili inayostahili maabara sawa na mabingwa wa sataranji. Hata hivyo ningependa atokee mwingine wa kuwahesabu wanaosimama kando ya ubao, wanaoguna kabla kete haijashuka. Bingwa hujifunza kutokana na miguno ile.

Sasa turudi mjini, tumkute yule mtu wa kipaza sauti. Matthias Krings wa Chuo Kikuu cha Mainz alifanya utafiti Dar es Salaam juu ya wanaotafsiri muvi, na ndiye aliyemwingiza Lufufu katika vitabu vya kitaaluma. Derek Gaspar Mukandala, ambaye watazamaji walimjua kwa jina hilo la Lufufu, alizisimulia filamu za Hong Kong, India, Marekani na Nigeria kwa Kiswahili juu ya sauti zake za asili. Kuita kazi hiyo tafsiri ni kuipunja. Msimulizi aliwabatiza wahusika, akataja mitaa ya Dar, akatia methali, akamwonya shujaa asifungue mlango, akaeleza chanzo cha ugomvi ambao mwongozaji wa filamu hakuwahi kuufikiria. Makala moja ya Krings imeupa usanii huo jina la kuugeuza wali kuwa pilau, na anayepika atakubali kwamba mchele ni ule ule ila hakuna anayechanganya sahani hizo mbili. Baadaye usimulizi ulirekodiwa kwenye kanda na CD, maduka ya Kariakoo yakaziuza, na mteja akawa na swali moja: imetafsiriwa? Uganda wana vijei wao, Kenya wana DJ Afro. Ni familia moja.

Mazingira hayo hayo ya kanda na maduka ndiyo yaliyolea filamu zetu za video, zile za miaka ya Girlfriend ya George Tyson mwaka 2003, na kuendelea hadi enzi za mwigizaji Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012. Claudia Böhme amezichunguza, na Mona Mwakalinga wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika tasnifu yake ya mwaka 2010 juu ya uchumi wa tasnia hiyo tangu Uhuru. Wote wanamfikisha msomaji Kariakoo kwa msambazaji, kwa sababu huko ndiko filamu iliponunuliwa kwa jumla kama shehena ya mitumba.

Zama za skrini ya kugusa zilileta tena lori la Vugiri, safari hii bila lori. Shindano la Global Learning XPRIZE, la dola milioni 15, lilipeleka tableti kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji vya Tanga ambao wengi hawakuwa wameingia darasani, zikiwa na gemu za kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Zilichajiwa kwa umeme wa jua. Kabla ya majaribio, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja, na baada ya miezi 15 idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa karibu nusu. Mei 2019 ushindi uligawanywa kati ya Kitkit School na onebillion. Tanga ile ile ya Vugiri, baada ya miaka zaidi ya themanini, na swali lile lile la mtambo unamfunza nini mtu. Tofauti ni kwamba sasa mtoto alijibu kwa kidole, na kila mguso ukahifadhiwa. Dar es Salaam nayo ilikuwa na jawabu lake: Ubongo, iliyoanza mwaka 2013 na kurusha Ubongo Kids mwaka 2014, ilimruhusu mtoto ajibu swali la runinga kwa ujumbe wa simu ya mzazi. Mtafiti Dina Borzekowski alipopima kipindi chao kingine, Akili and Me, huko Morogoro, aliona waliotazama wakiwapita wenzao. Simu ya mzazi, ndiyo: jibu la mtoto lilipitia mikono ya nyumba nzima.

Kariakoo ya leo inauza mitambo yote hiyo kwa jumla na rejareja, kuanzia pedi za mkononi hadi flashi zilizojazwa muvi. Nje ya baa na magenge yapo madubwi, mashine za sarafu ambazo sheria ya mwaka 2003 inaziweka chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Ajabu yake, dubwi ndilo mtambo pekee mtaani ninaoona watu wakiusogelea kwa ukimya, mgongo kwa wenzao.

Jioni moja nilikaa kibandani hadi taa za maduka zilipoanza kuzimwa. Runinga ya kona ilikuwa ikionyesha mechi na mtangazaji wa Kiingereza aliyekuja na gemu alikuwa akibwabwaja. Mwenye kibanda akanyoosha mkono, akapunguza sauti hadi sifuri bila kuulizwa. Kijana mmoja mwembamba asiye na hela ya zamu alikuwa tayari ameegemea ukuta, ngumi mdomoni kama maikrofoni, na mpira haujafika nusu ya uwanja ameshauhamishia Kwa Mkapa. Wachezaji wawili walikuwa wakicheka kiasi cha kukosea vitufe.