Makaburi ya mgombani yana wenyewe

Kila ifikapo katikati ya Desemba mabasi yaendayo Moshi hujaa, nauli huwa gumzo, na Wachagga waliotawanyika mijini hupanda mlima kwenda kuwaona wazee. Huko huchinja, hubatiza watoto na kufunga ndoa. Siku moja kati ya hizo baadhi yao hushika jembe wakapalilia makaburi yaliyo mgombani, nyuma ya nyumba. Yale mapya yana vigae na msalaba wenye jina na tarehe. Yale ya kale yana mawe machache na mche wa masale. Ukiuliza aliyelala pale ni nani, wengi wa rika langu hujibu: "Ni wazee wetu." Jibu hilo lina heshima, lakini halina jina.

Kihamba kwa Mchagga si shamba la migomba na kahawa tu. Ndipo ukoo ulipoandika historia yake kabla ya karatasi. Zamani, kabla ya dini za kigeni kuenea, mzee aliyeacha watoto alizikwa nyumbani kwake, na baada ya muda mifupa ilifukuliwa na fuvu likahifadhiwa mgombani penye masale. Aliyepita pale alijua anapita mbele ya nani.

Ukilijua hilo, utaelewa uzito wa yaliyotokea Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, Wajerumani walipomnyonga Mangi Meli pamoja na wenzake 18. Wazee wamesimulia tangu hapo kwamba kichwa cha Meli kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Kwa miaka mingi walioishi mbali waliyaona hayo kuwa hadithi za jikoni. Lakini mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza matokeo ya vipimo vya vinasaba: fuvu moja lililokuwa katika hifadhi yake lilikuwa la Akida, mshauri wa Mangi Meli, na wazao wake walio hai walipatikana. Mafuvu mengine mawili yalikaribiana mno na watu wa koo za Kilimanjaro. Kichwa cha Meli mwenyewe hakikuonekana katika uchunguzi huo.

Hebu tujiulize: kipimo kile kingelinganishwa na nani kama familia zisingekuwa zinajua zimetoka kwa nani? Sayansi ilifanya kazi yake, lakini iliwakuta watu ambao bibi na babu zao walisimulia bila kuchoka. Mimi na wewe, ukoo wetu ukiulizwa leo, tutajibu nini?

Mahali pa kuanzia papo. Misheni za Kikatoliki na za Kilutheri zilifika Kilimanjaro mwanzoni mwa miaka ya 1890, na makanisa huweka vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi. Kitabu cha ubatizo humtaja mtoto pamoja na wazazi wake. Vingi vya zamani vya Kikatoliki viliandikwa kwa Kilatini, lakini jina la Kichagga ni la Kichagga hata likizungukwa na Kilatini. Nenda parokiani au usharikani kwa adabu, na mwaka wa kukisia mkononi.

Mwaka huo wa kukisia utaupata kwa wazee. Bibi hatakwambia alizaliwa mwaka gani. Atakwambia alizaliwa wakati wa nzige, au alikuwa anachunga mbuzi vita vya Hitler vilipoanza. Andika hivyo hivyo, hesabu baadaye. Kumbuka pia desturi ya majina: mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Desturi hiyo ni msaada, na pia ni mtego, maana jina hurudi kila baada ya kizazi, na mjukuu akaandikwa mahali pa babu.

Usidharau nawe uliyoyaona ukiwa mtoto. Sisi tuliotumwa kukata majani ya ng'ombe tulikatazwa kukanyaga mahali fulani, tukaambiwa, "Hapo amelala shangazi wa baba yenu." Hapakuwa na jiwe wala msalaba. Huenda wewe ndiye wa mwisho anayejua hivyo. Na kwa kawaida wanaosahaulika kwanza ni hao: wanawake na watoto wachanga. Orodha za koo huenda baba kwa mwana, kana kwamba hakuna aliyezaa.

Jambo hili lina upande wa mali pia. Vihamba vinagawanywa, vingine vinauzwa. Tunayo Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, inayoruhusu makaburi kuhamishwa ardhi inapohitajika kwa manufaa ya umma. Siku maofisa wakifika kuhesabu, kaburi lisilo na alama wala msemaji litahesabiwaje? Na ndugu wakigombania mpaka, nani ataonyesha babu alizikwa upande upi?

Tunatumia mamilioni kwa jeneza na magari ya msiba, kisha tunakosa daftari la kuandika majina. Safari hii beba daftari. Chora kihamba, weka alama kila kaburi, andika jina, jina la mama yake na ukoo alikotoka mama huyo. Washa simu umrekodi bibi anaposimulia. Nakala moja iache nyumbani, nyingine wape ndugu walio mbali. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Ifanye kazi hiyo wazee wakiwa bado wanaweza kukusahihisha.