Mandela alipokuwa Creon: Historia fupi ya waigizaji kubadilishana nafasi mazoezini

Kila mwaka wanafunzi wangu wa tamthilia hunilalamikia jambo lile lile. Mtu ameshakariri maneno ya mhusika wake, ameshajua asimame wapi na ageuke lini, halafu siku hiyo naingia na kusema: leo aliyekuwa mfalme atakuwa mtumwa, na mtumwa atakuwa mfalme. Minong'ono huanza hapo hapo. "Prof, si utatuchanganya?" Huwa siwajibu papo kwa papo kwa sababu jibu lenyewe ni refu, na sehemu yake kubwa iko Afrika Kusini katika miaka ya sitini na sabini ya karne iliyopita. Nitalijibu leo kwa maandishi.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Anachopewa mwigizaji acheze, sisi tunakiita nafasi, sehemu, au siku hizi uhusika. Neno wanalolitumia Waingereza, ambalo walilitoa Ufaransa, asili yake ni karatasi iliyoviringishwa. Zamani huko Ulaya mwigizaji hakupewa tamthilia nzima. Alipewa karatasi yenye maneno yake peke yake, pamoja na yale machache ya mwenzake yanayomwashiria kwamba zamu yake imefika. Mengine hayakumhusu. Nafasi ni kitu tofauti kabisa. Nafasi ni mahali, na mahali mtu huweza kuondoka, mwingine akakaa. Sidai kwamba wazee wetu waliteua neno hili wakiwa na nadharia ya maigizo akilini, lakini limetufaa.

Wagiriki wa kale nao walilijua jambo hili kwa vitendo. Katika Athens ya Sophocles, karne ya tano kabla ya Kristo, waigizaji wenye maneno walikuwa watatu tu, wote wanaume. Mmoja angetoka jukwaani akiwa askari, akabadilisha kinyago, akarudi akiwa mwana wa mfalme. Antigone, yule binti aliyekaidi amri ya mjomba wake Creon na kumzika kaka yake, alichezwa na mwanamume. Jambo hili tuliweke kando kwanza, tutalihitaji.

Mwaka wa 1963, katika mtaa wa New Brighton huko Port Elizabeth (siku hizi Gqeberha), kundi la Waafrika wapenzi wa maigizo lilimwendea Athol Fugard, mwandishi Mzungu, likamwomba afanye kazi nalo. Walijiita Serpent Players. Jina hilo lilitokana na ukumbi wao wa kwanza, shimo lililokuwa limeachwa baada ya kufugiwa nyoka. Mchana walikuwa wafanyakazi, usiku waigizaji. Mwaka wa 1965 walikuwa wakiizoeza Antigone. Polisi wakamkamata kijana aliyepewa nafasi ya Haemon, mwana wa Creon na mchumba wa Antigone, naye akaishia Kisiwa cha Robben. Nafasi yake ikachukuliwa na kijana mwingine aliyekuwa mgeni kundini. Mgeni huyo aliitwa John Kani.

Hebu fikiria hali hiyo. Unaingia mazoezini kukalia kiti ambacho bado kina joto la mwenzako, na unajua fika kwamba hakuhama kwa hiari yake. Watu wa mazingira hayo hawakuhitaji profesa wa kuwaeleza maana ya kubadilishana nafasi. Na yule aliyekamatwa hakuisahau tamthilia yake. Huko gerezani aliifupisha kutoka kichwani, akaiigiza mbele ya wafungwa wenzake.

Baadaye kundi likampata Winston Ntshona, na mnamo Oktoba 1972, katika ukumbi wa The Space mjini Cape Town, Fugard, Kani na Ntshona wakaonyesha tamthilia waliyoitunga pamoja mazoezini, Sizwe Bansi Is Dead. Wasomaji waliosoma fasihi ya Kiingereza chuoni bila shaka wanaikumbuka. Waigizaji ni wawili tu. Kani anaanza akiwa Styles, mpiga picha, na kwa muda mrefu yuko peke yake jukwaani akisimulia siku ambayo Henry Ford mdogo alitembelea kiwanda cha magari alikofanya kazi. Katika simulizi hiyo anakuwa bosi Mzungu, anakuwa yeye mwenyewe, na anakuwa mkalimani kati ya bosi na vibarua. Bosi anasema hili, mkalimani anawafikishia wenzake lile, nao wanamcheka bosi mbele ya macho yake asijue kinachochekesha. Mimi huwapa sehemu hiyo wanafunzi wangu wa tafsiri. Sijaona maelezo bora zaidi ya mamlaka ya mkalimani.

Lakini kiini cha mambo kiko mbele kidogo. Sizwe, ambaye ndiye Ntshona, kitambulisho chake kimepigwa muhuri wa kumfukuza mjini. Sisi Wakenya hatuhitaji kuelezwa sana. Babu zetu walivaa kipande shingoni kwa amri ya sheria ya mwaka wa 1915 iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Usiku mmoja Sizwe na mwenyeji wake, Buntu, wanakuta maiti ya mtu aitwaye Robert Zwelinzima ambaye kitambulisho chake kina ruhusa ya kutafuta kazi. Buntu, anayechezwa na Kani yule yule, anapendekeza kwamba picha zibadilishwe. Sizwe afe, Robert aishi.

Sizwe hataki. Jina lake analipenda. Na hata akikubali, atawezaje? Basi Buntu anaanza kumfanyisha mazoezi. Anakuwa polisi, anamsimamisha Sizwe ghafla na kumdai kitambulisho. Anakuwa karani wa mishahara, anamuuliza jina na nambari. Kila anapobadilisha sauti, Sizwe analazimika kujibu kama Robert, anakosea, wanarudia tena. Ni mazoezi ya tamthilia ndani ya tamthilia, ila huku kosa la kusahau maneno adhabu yake si kuzomewa. Adhabu yake ni kufukuzwa mjini, mbali na kazi, huku nyumbani mke na watoto wanne wakisubiri chakula. Na ili Sizwe ajifunze kuwa mtu mwingine, ilibidi kwanza Buntu akubali kuwa polisi, akitumia sauti ya watu wanaomtesa yeye mwenyewe. Yaani huwezi kumfundisha mwenzako namna ya kumpita polisi kama wewe mwenyewe hujawahi kusimama pale polisi anaposimama.

Tena haya hayakuishia jukwaani. Sheria za ubaguzi hazikutambua kwamba Mwafrika anaweza kuwa na kazi iitwayo uigizaji. Kwa hiyo, ili Kani na Ntshona waweze kuigiza bila kusumbuliwa, vitambulisho vyao viliwataja kama watumishi wa nyumbani wa Fugard. Serikali ndiyo iliyogawa nafasi, nao wakaicheza hiyo ya utumishi mchana kweupe ili wapate kucheza nyingine zote.

Julai 1973 watatu hao walirudi The Space na kazi mpya. Safari hii waliingia mazoezini bila neno hata moja lililoandikwa. Fugard aliwatandikia blanketi sakafuni, akawaambia wazunguke juu yake, kisha likakunjwa likawa dogo, likakunjwa tena, mpaka wakabaki mahali ambapo watu wawili hawawezi kugeuka bila kugusana. Wote wakajua wako wapi. Wako katika seli, Kisiwa cha Robben. Sheria ilikataza kuandika kuhusu hali ya magereza, kwa hiyo tamthilia ilionyeshwa kwanza kwa jina la kuficha, Die Hodoshe Span, yaani kikosi cha Hodoshe. Hodoshe kwa Kixhosa ni nzi yule wa kijani anayependa mizoga, na wafungwa walikuwa wamembandika jina hilo askari jela mmoja. Leo tunaijua kama The Island.

Wahusika wake wanaitwa John na Winston, majina ya waigizaji wenyewe. Wanazoeza Antigone kwa ajili ya tamasha la wafungwa. John atakuwa Creon, Winston atakuwa Antigone. Nyuzi za kamba zimekuwa nywele, matiti ni ya bandia, na Winston anapojivika hayo yote John anacheka hadi anaanguka. Winston anagoma. Yeye ni mwanamume, hatadhalilishwa. (Mtu angemweleza juu ya Athens ya Sophocles!) Na hata kabla ya hapo kumekuwa na mzozo mwingine ninaoupenda zaidi. Kila wanapopitia kesi ya Antigone, John anamwambia kwamba binti huyo anakiri kosa. Winston anakataa: amekosa nini? Hana hatia. Wanarudia, na tena Winston anamkanushia Antigone kosa. Ukiwa mwelekezi mwenye haraka utasema mwigizaji huyu hashiki maneno. Mimi nasema ameshika zaidi ya mwelekezi wake.

Kisha habari zinafika kwamba kifungo cha John kimepunguzwa na amebakisha miezi mitatu. Winston ana kifungo cha maisha. Nafasi zao katika seli ile zimebadilika bila mtu kuhama hata hatua moja, na kuanzia hapo kila neno la Antigone kuhusu kuzikwa akiwa hai linamhusu Winston. Siku ya tamasha anavaa zile nywele na matiti. Mwishoni anazing'oa nywele na kusema kwa sauti yake mwenyewe.

Sasa tuje kwa mfungwa halisi. Nelson Mandela ameeleza katika tawasifu yake, Long Walk to Freedom, kwamba katika kisiwa hicho hicho kulikuwa na kikundi cha maigizo kilichoonyesha michezo wakati wa Krismasi, na kwamba yeye alipewa nafasi katika Antigone. Ungetarajia apewe nafasi ya wakili wa wanyonge, sivyo? Alipewa Creon. Mtu aliyefungwa maisha kwa kuasi sheria dhalimu alisimama mbele ya wafungwa wenzake kuitetea sheria dhalimu, na kumhukumu anayeiasi. Anachokisema juu ya nafasi hiyo ni cha kuzingatiwa. Alimwona Creon kuwa mtu aliyeanza vizuri, mzalendo, mwenye busara aliposema kwamba kiongozi hapimwi kabla hajatawala. Kosa lake lilikuja alipofunga masikio na kukosa huruma. Naye Antigone, kwa Mandela, ndiye aliyebeba mapambano yao.

Mimi huamini, na hii ni rai yangu tu, kwamba msomaji wa kawaida hafiki kwenye ule wema wa mwanzo wa Creon. Tunamchukia kuanzia ukurasa wa kwanza. Ili uone kwamba dhalimu alikuwa na hoja, na uone hoja hiyo ilioza lini, ni lazima uyatie maneno yake kinywani mwako mwenyewe, usiku baada ya usiku, uyatafutie pumzi. Aliyetoka gerezani mwaka wa 1990 kwenda kujadiliana na akina Creon wa kweli alikuwa ameshawahi kusema maneno yao.

Nyumbani tunayo mifano yetu. Kamiriithu, mwaka wa 1977, wakulima na wafanyakazi wa Limuru walizoeza Ngaahika Ndeenda hadharani, na aliyekuwa akitazama aliweza kusahihisha lugha ya mzee aliyezungumza kama kijana. Watu wa kawaida waliwacheza matajiri. Maonyesho yalianza tarehe 2 Oktoba, na kufikia katikati ya Novemba serikali ilikuwa imeyapiga marufuku. Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa mwisho wa mwaka huo. Sidhani ni maneno peke yake yaliyowatia wakubwa hofu.

Katika Kiswahili, Mashetani ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka wa 1971, imejengwa juu ya wazo hili hili. Vijana wawili wasomi, Juma na Kitaru, wanacheza mchezo wa Shetani na Binadamu, na mchezo unamwingia Kitaru mpaka hapati usingizi. Nimewahi kuwafanyisha wanafunzi wangu tamthilia hiyo, na baada ya majuma mawili nikawabadilisha. Kijana aliyekuwa Shetani, mcheshi, mwenye sauti, aliyeshangiliwa na darasa zima, akawa Binadamu. Alisimama pale akisikiliza maneno aliyokuwa ameyasema yeye mwenyewe siku zote hizo, na kwa muda hakujibu. Tulidhani amesahau. Baadaye tulipoketi kuzungumza alituambia kwamba wakati wote alipokuwa Shetani alijua anachekesha, lakini hakuwa amejua kwamba anatisha. Mwenzake, aliyekuwa amehamia kwa Shetani, alisema kitu ambacho hakunifurahisha lakini kilikuwa cha kweli: kwamba ni raha.

Waelekezi wa shule za upili huniambia kwamba mbinu hii ni anasa. Tamasha za maigizo ziko mlangoni, waamuzi wanatafuta ufasaha na maleba, nani ana wakati wa kuwafundisha wanafunzi ishirini nafasi mbili mbili? Hoja yao naikubali kwa shingo upande. Hata hivyo, ninapokwenda kutazama, mara nyingi namwona chifu wa jukwaani ni yule yule kijana mrefu mwenye kifua, na mjakazi ni yule yule msichana mdogo mnyamavu, mwaka hadi mwaka. Tunawagawia nafasi kwa jinsi tulivyokwisha kuwagawia maisha. Alasiri moja tu ya kuwabadilisha haiwezi kuivunja ratiba.

Kani na Ntshona walipewa tuzo ya Tony kwa pamoja mjini New York mwaka wa 1975, na mwaka uliofuata wakatiwa ndani huko Transkei kwa sababu ya Sizwe Bansi. Miaka ikapita, ubaguzi ukaanguka, na mwaka wa 2000 wakaipeleka tena The Island jijini London, wote wawili wakikaribia miaka 60, John akiwa bado John na Winston bado Winston. Kila usiku Winston Ntshona aligoma kuvaa matiti ya bandia, na kila usiku, kabla taa hazijazimwa, akawa ameyavaa.