Ghuba ya Minamata: Sumu Majini na Ukweli Uliofichwa

Mtu aandikaye historia ya uchafuzi wa maji katika karne ya ishirini hawezi kuupita mji wa Minamata. Mji huo mdogo uko pwani ya kisiwa cha Kyushu, kusini mwa Japani, na vijiji vyake viliishi kwa uvuvi. Mwaka 1932 kiwanda cha Kampuni ya Chisso kilianza kutengeneza humo kemikali iitwayo asetaldehaidi kwa msaada wa zebaki, na maji machafu yakamwagwa ghubani, kana kwamba upana wa bahari ungeimeza sumu yote.

Haikumezwa. Sehemu ya zebaki iligeuka kuwa zebaki ya methili, ambayo huingia katika viumbe wadogo wa majini. Samaki wadogo huwala viumbe hao, nao huliwa na samaki wakubwa. Kwa kuwa mwili hauitoi sumu hiyo upesi, kiasi chake huongezeka katika kila hatua. Ndiyo maana maji yaweza kuonekana safi, na huku kitoweo kitokacho humo ni mauti.

Katika miaka ya 1950 samaki walielea wamekufa, na paka walizunguka kama walevi hata wakafa. Kisha likaja zamu ya watu: ganzi, kutetemeka, kushindwa kusema na kuona. Tarehe 1 Mei 1956 hospitali ya kiwanda chenyewe, chini ya Dakta Hajime Hosokawa, ilitoa taarifa ya ugonjwa huo kwa ofisi ya afya. Baadaye iligunduliwa kwamba sumu hupita hata kwa mtoto aliye tumboni. Mama aliyeonekana mzima aliweza kuzaa mtoto aliyeharibika ubongo.

Mwaka 1958 kiwanda kilihamishia mfereji wake kwenye mlango wa Mto Minamata. Muda si mrefu wagonjwa wapya wakatokea upande huo. Ugonjwa uliyafuata maji. Julai 1959 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walitaja zebaki kuwa chanzo. Oktoba mwaka huohuo paka ambaye Hosokawa alimlisha uchafu wa kiwanda aliugua vilevile. Kampuni haikuitangaza habari hiyo. Badala yake, Desemba 1959 iliwapa wagonjwa fedha za kuwapa pole, kwa sharti kwamba wasidai zaidi hata kama kiwanda kingeonekana kuwa na hatia.

Kimya hicho kilikuwa na gharama. Uchafu uliendelea kumwagwa hata mwaka 1968, na mwaka 1965 ugonjwa uleule ulijitokeza Niigata, karibu na mto uliochafuliwa na kiwanda kingine. Septemba 1968 ndipo serikali ilipokiri chanzo. Mwaka 1970 Hosokawa, akiwa mgonjwa kitandani, alitoa ushahidi wake juu ya yule paka, akafariki mwaka huohuo. Mwaka 1973 mahakama iliwapa wagonjwa haki na kuubatilisha mkataba wa 1959. Waliothibitishwa rasmi kuwa wagonjwa katika eneo la Minamata wamezidi 2,200.

Habari hizi si za mbali nasi. Wachimbaji wadogo wa dhahabu katika maeneo kama Geita wametumia zebaki kunasa dhahabu, na mabaki yake huweza kufika kwenye vijito viendavyo Ziwa Viktoria. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, umepewa jina la Minamata, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Mkataba ni jambo jema. Lakini yafaa wachungaji na wanafunzi wa theolojia wakumbuke kwamba huko Minamata, tangu mwaka 1959, elimu haikukosekana. Kilichokosekana ni ushahidi kutolewa kwa wakati wake. Miaka tisa ilipita kati ya kujua na kukiri, na katika miaka hiyo wavuvi waliendelea kuwapelekea watoto wao samaki.