Soda ipi, mwanangu?

Ingia duka lolote sokoni Mpanda, useme, "Shikamoo mama, naomba soda." Ataitikia marahaba, kisha atauliza, "Ya baridi au ya moto?" Anayejifunza kutengeneza sabuni asipokuwa makini na neno hili, atarudi nyumbani na kitu kingine.

Soda ya kunywa tunaijua. Magadi soda hulainisha maharage jikoni, na jina hilohilo la magadi limebebwa na Ziwa Magadi kule Kenya. Inayogeuza mawese ya mwambao wa Ziwa Tanganyika kuwa mche wa sabuni ni ya tatu: kostiki soda. "Kostiki" asili yake ni Kigiriki, na maana yake ni yenye kuunguza. Jina halitanii. Mimina zile chembe nyeupe kwenye maji: ndoo inapata moto bila jiko, na mvuke unawasha koo. Kwa hiyo kostiki ndiyo humiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki. Vaa glovu, tumia ndoo ya plastiki, na sufuria ya alumini ikae mbali, maana kostiki huila.

"Sabuni" yenyewe tumeipata kwa Waarabu. Kabla ya kostiki ya dukani yalikuwapo maji ya majivu, ambayo hutoa sabuni laini, isiyokatika miche.

Basi ukifika dukani sema "kostiki". "Soda" peke yake waachie wenye kiu.