xrandr

xrandr ni programu ya mstari wa amri inayoonyesha na kubadilisha hali za monita kwenye Linux na mifumo mingine inayotumia X Window System, mfumo wa michoro ulioanzishwa MIT mwaka 1984. Hufanya kazi kupitia kiendelezi cha RandR kilichobuniwa na Jim Gettys na Keith Packard. Toleo la 1.2 la RandR (2007) liliwezesha kila monita kupangwa peke yake.

Kwa kawaida monita hujitambulisha kwa kompyuta kwa data ya EDID. Data hiyo isipofika, mathalani fundi wa Kahama au Geita anapounganisha projekta kuukuu kwa kebo ya VGA iliyovunjika pini, ukubwa unaofaa hukosekana kwenye orodha. Hapo amri `cvt 1920 1080 60` hukokotoa vipimo vya picha ya pikseli 1920 kwa 1080, mara 60 kwa sekunde; kisha kwenye xrandr, `--newmode` husajili hali hiyo, `--addmode` huiongeza kwenye tundu la monita, na `--output` pamoja na `--mode` huiwasha.

Mipangilio hupotea kompyuta ikizimwa, hivyo amri huandikwa kwenye faili la kuanzishia kama `.xprofile`. Chini ya Wayland, mfumo mwingine wa michoro, xrandr haibadilishi hali halisi ya monita. Kazi hiyo hufanywa na zana nyingine.