Ngozi ya Chui Katika Nchi ya Shaba

Mwaka 1831 msafara wa Wareno kutoka Tete uliwasili katika mji wa mfalme Mwata Kazembe, upande wa mto Luapula. Afisa mmoja wa msafara huo, António Gamitto, aliandika kwa makini yale aliyoyaona siku walipopokelewa. Mwata alikuwa ameketi karibu na lango la mashariki la boma lake. Chini zilitandikwa ngozi nyingi za chui, mikia ikielekezwa nje pande zote hata zikafanya umbo la nyota. Juu yake ilitandazwa ngozi kubwa ya simba, na juu ya simba kikawekwa kiti kilichofunikwa kitambaa cha kijani. Kichwani Mwata alivaa taji refu la manyoya mekundu ya ndege.

Ukoo wa Mwata Kazembe ulitoka Musumba, makao ya Mwant Yav, mfalme mkuu wa Walunda. Leo Musumba iko katika teritwari ya Kapanga, jimbo la Lualaba nchini Kongo, kaskazini-magharibi ya mji wa Kolwezi. Walunda wa Luapula walichukua kutoka huko lugha ya baraza, majina ya vyeo na heshima za kiti. Ngozi ya chui ilikuwa mojawapo ya heshima hizo.

Kwa Walunda, na kwa jirani zao Waluba, mwindaji aliyeua chui hakuwa na mamlaka juu ya ngozi yake. Aliipeleka kwa mkubwa wake, na mkubwa naye akaipeleka kwa aliye juu yake, mpaka ikafika kwa mfalme. Mtu aliyeificha ngozi nyumbani alishukiwa kwamba anakitamani kiti. Wanyama wengine walikuwa na nafasi zao: wachezaji wa ngoma walijifunga kiunoni ngozi za kanu na paka-mwitu, na waganga wa Kiluba walioitwa bilumbu walivaa ngozi walipopandisha pepo. Chui, hata hivyo, alikuwa wa mfalme. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, lakini kila mtu aliijua.

Shaba ilikuwa na mkondo mwingine. Mafundi wa nchi hii ya Katanga waliyeyusha mawe ya kijani katika tanuru za udongo, wakamimina shaba katika kalibu, ikawa misalaba iliyoitwa handa. Misalaba hiyo ilifika mbali sana, kwa kuwa ilikuwa fedha na bidhaa kwa wakati mmoja. Ndiyo iliyomleta Katanga Msumbwa mmoja, Kalasa, kutoka nchi ambayo leo ni Tanzania. Mwanawe Msiri alibaki, akajenga ufalme wa Wayeke pale Bunkeya, akauza shaba, chumvi, pembe za ndovu na watumwa, akipokea bunduki, baruti na vitambaa. Misafara ya Waovimbundu ilimjia kutoka Angola, na ya Waswahili kutoka mashariki.

Huko pwani ya mashariki, ngozi ya chui ilikuwa bidhaa tangu zamani. Msafiri Mwarabu al-Mas'udi, katika karne ya 10, alitaja ngozi za chui kutoka nchi ya Wazanji, akazisifu kwa ukubwa na kwa uzuri wake katika kutengeneza matandiko ya farasi. Barani, katika nchi za Walunda na Waluba, shaba ilikwenda sokoni na ngozi ya chui ikapanda barazani.

Ukoloni uligeuza mambo hayo juu chini.

Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa kwa risasi na afisa wa msafara wa Stairs, uliotumwa kwa niaba ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, na Katanga ikaingizwa katika Dola Huru la Kongo. Zaidi ya miaka minane baadaye, Mei 1900, mataifa ya Ulaya yenye makoloni Afrika yalikutana London na kutia sahihi mkataba wa kuhifadhi wanyama wa bara hili. Dola Huru la Kongo lilikuwa miongoni mwa waliotia sahihi. Katika mkataba huo twiga, sokwe na baadhi ya wanyama wengine waliwekewa ulinzi. Chui hakuwekewa. Aliandikwa katika orodha ya wanyama waharibifu ambao idadi yao ilitakiwa kupunguzwa, pamoja na simba, fisi, fisimaji na mamba. Mkataba haukuwahi kuanza kutumika, kwa sababu baadhi ya waliotia sahihi hawakuuidhinisha, lakini fikra yake ilibaki: mnyama wa kiti cha mfalme alikuwa sasa adui wa mifugo, na kumpiga risasi kulionekana kuwa kazi njema.

Mwaka 1906 ikaundwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Shaba, ambayo fundi yeyote wa kijiji aliweza kuiyeyusha na kuiuza baada ya kumlipa chifu hongo yake, ikawa mali ya kampuni moja. Ngozi, ambayo hakuna mtu wa kawaida aliyeweza kuiuza, ikawa kitu cha kununuliwa. Mwaka 1937 mji wa Kolwezi ulianzishwa kwa ajili ya migodi ya magharibi. Mwaka huohuo, tarehe 21 Aprili, ilitoka amri ya kikoloni kuhusu uwindaji na uvuvi. Haki ya kuwinda ilitoka sasa ofisini, kwa kibali na malipo. Mzungu mwenye kibali aliweza kutundika ngozi ukutani sebuleni. Mwindaji wa kijiji asiye na karatasi aliitwa jangili katika pori la babu zake. Tarehe 15 Mei 1939 ikaundwa hifadhi ya Upemba, kaskazini-mashariki ya Kolwezi, moja ya hifadhi kubwa kabisa za Afrika wakati huo. Vijiji vilivyokuwa ndani ya mipaka yake havikuulizwa vinaonaje.

Pigo kubwa kwa chui wa Afrika lilikuja baada ya uhuru, nalo lilianzia maduka ya mitindo. Mwaka 1962 Jacqueline Kennedy, mke wa rais wa Marekani, alionekana amevaa koti la ngozi ya chui, na wanawake wengi wenye uwezo wakataka la aina hiyo. Koti moja lilihitaji ngozi za chui kadhaa. Katika miaka ya 1968 na 1969 peke yake, Marekani iliingiza zaidi ya ngozi 17,000 za chui. Wengi wa wanyama hao waliuawa Afrika, kwa sumu na mitego, ili ngozi isitobolewe na risasi.

Basi sheria ya kupiga marufuku uuzaji ikatungwa kulekule kwa wanunuzi. Mwaka 1970 jimbo la New York lilikataza kuuza bidhaa za ngozi za chui, duma, mamba na wanyama wengine walio hatarini. Mtengenezaji mmoja wa viatu aliipeleka sheria hiyo mahakamani, akashindwa. Machi 1973 mataifa yalitia sahihi mjini Washington mkataba wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, CITES, ambao ulimweka chui katika orodha yenye ulinzi mkali kuliko zote. Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilijiunga mwaka 1976. Kenya ilikwenda mbali zaidi: mwaka 1977 ilipiga marufuku uwindaji, na mwaka 1978 ikayafungia maduka ya Nairobi na Mombasa yaliyowauzia watalii ngozi za pundamilia na mazulia ya mbega.

Zaire ilikuwa na jambo lake la pekee. Rais wake, Mobutu, alivaa kofia ya ngozi ya chui kila alipotokea mbele ya watu. Mobutu alianzisha Nishani ya Taifa ya Chui mwaka 1966, akaweka kichwa cha chui kwenye nembo ya nchi na kwenye noti, na timu ya taifa iliyocheza Kombe la Dunia la 1974 iliitwa Chui. Ishara iliyokuwa ya machifu wa Musumba na wa mahali pengine akaitwaa mtu mmoja aliyekaa Kinshasa. Wakati wa vita vya Shaba (jina la Katanga wakati huo) vya 1977 na 1978, Kolwezi ilipovamiwa na kisha askari wa Ufaransa wakashuka kwa miavuli, wapiganaji wa zamani wa Katanga walioingia kutoka Angola walijiita Tigres, yaani chui-milia. Hata majina ya vita yaliyafuata manyoya.

Tarehe 28 Mei 1982 Zaire ilipata sheria mpya ya uwindaji, iliyosimamia pia umiliki na biashara ya ngozi, pembe na meno. Kwenye karatasi, nchi ilikuwa imejipanga. Shida ikaja kutoka migodini. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, hapo Kolwezi, uliporomoka. Kampuni ya migodi ya Gécamines, iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa chini ya tani 50,000. Mishahara ilikoma. Familia zilizoishi kwa posho ya kampuni kwa vizazi viwili zikaanza kulima, kuchoma makaa na kutega wanyama. Zikafuata vita na vikundi vyenye silaha vya Mai-Mai ndani ya Upemba. Desemba 2012 mkuu wa hifadhi, Atamato Madrandele, aliuawa katika shambulio la kuvizia. Rodrigue Katembo, aliyeshika kazi hiyo baadaye, alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2017. Walinzi wenzao wanaendelea na kazi hiyo leo katika nyika iliyo na pundamilia wa mwisho wa Kongo.

Tangu tarehe 11 Februari 2014 nchi ina sheria ya uhifadhi wa mazingira ambayo inawalinda wanyama walio hatarini na kuwaadhibu wanaofanya biashara nao. Kwa upande wa maandishi, basi, Kongo haina upungufu mkubwa. Kinachokosekana ni mtu wa karibu anayeiona sheria hiyo kuwa yake, kama mwindaji wa zamani alivyoiona sheria ya Mwant Yav.

Nchi nyingine zimelazimika kufikiria namna sheria na mila zinavyoweza kukaa pamoja. Jimbo la California lilipiga marufuku uuzaji wa manyoya mwaka 2019, na sheria ikaanza kutumika Januari 2023. Israeli ilifanya hivyo mwaka 2021, ikiwa nchi ya kwanza duniani. Zote mbili ziliacha nafasi kwa mavazi ya dini, na California ikaacha pia nafasi kwa mila za makabila ya wenyeji. Wapo wanaosema mlango huo ni mpana mno. Katika Lualaba, ambako chui ni wachache, ngozi mpya kwa kila kiti kipya ingekuwa hasara isiyofidika.

Lipo jibu bora, nalo liko jirani kabisa. Magharibi mwa Zambia, wapiga makasia wa mfalme wa Walozi huvaa lipatelo, sketi ambazo kwa mila zilikuwa za ngozi, katika sherehe ya Kuomboka. Tangu 2019 mamlaka ya Barotse imeshirikiana na shirika la Panthera kuwapatia wapiga makasia sketi za kitambaa kilichochapwa madoa ya mondo na chui. Afrika Kusini, waumini wa kanisa la Shembe walianza mapema zaidi kuvaa mavazi ya mabegani ya namna hiyo, yenye madoa ya chui. Ngoma haikukoma, na heshima ya mfalme haikupungua. Jambo hilo lilifanikiwa kwa sababu wenye mila ndio walioulizwa kwanza na ndio waliolitangaza.

Machifu wa Lualaba wana haki ya kuulizwa namna hiyohiyo. Serikali ya jimbo, taasisi ya hifadhi ICCN na makampuni ya migodi yanayochimba katika ardhi zao yakae nao chini, yagharimie mavazi mbadala, na yaache baraza la chifu litamke marufuku kwa lugha zake: Kilunda, Kisanga, Kiluba, Kiyeke. Ngozi za zamani zilizo katika nyumba za kifalme zihesabiwe na zitunzwe kama urithi. Naye mkazi wa Kolwezi, au mgeni aliyekuja kwa kazi ya mgodi, akiletewa ngozi ya chui, ya mondo au ya kanu, asiinunue, hata akiambiwa ni ya zamani na bei yake ni nafuu. Katika nchi hii ngozi ya chui haikuwa ya kuuzwa kabla ya ukoloni, na haifai kuuzwa sasa.