Ogwang aliruka mbele ya mdogo wake

Jina la John Akii-Bua watu wanalikumbuka: Mganda aliyeshinda mbio za viunzi mita 400 kule Munich mwaka 1972, kwa sekunde 47.82. Kaka yake, Lawrence Ogwang, ni wachache wanaomtaja.

Mwaka 1956, Uganda ingali mikononi mwa Waingereza, ilipeleka Melbourne wanariadha watatu tu, Olimpiki yake ya kwanza. Kijana Ogwang alikuwa mmoja wao, katika miruko mitatu: unaruka na kutua kwa mguu uleule, kisha kwa mguu wa pili, halafu mchangani. Siyo mchezo wa mtoto.

Mbrazili Adhemar Ferreira da Silva alishinda kwa mita 16.35. Ogwang alirudi bila medali.